Betri ya Gari: Volti Pekee Hazitoshi

Katika karakana nyingi za mitaani kuna jaribio moja la betri lisilohitaji chombo cha kupimia. Fundi huchukua spana, akaigusisha kwa nukta moja kwenye nguzo zote mbili, na cheche kubwa ikiruka hutamka kwamba betri ni nzima. Jaribio hili halithibitishi lolote, kwani hata betri iliyochakaa yaweza kutoa cheche. Isitoshe, hufanywa mahali pabaya kuliko pote. Betri inapochajiwa, na kwa muda baada ya hapo, hutoa haidrojeni; na gesi hiyo ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 4 na asilimia 75 huweza kulipuka kwa cheche ndogo sana. Betri inayopasuka hurusha asidi ya salfa, na aghalabu uso wa fundi huwa umeinama papo hapo juu yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuipima betri bila hatari hiyo, na hasa kwa nini kipimo kimoja hakitoshi kuihukumu.

Kazi ifanywe mahali penye hewa ya kutosha, pasipo sigara wala moto. Macho yakingwe kwa miwani, na pete na saa za chuma zivuliwe. Yawepo maji mengi karibu: asidi ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Asidi iliyomwagika sakafuni hutulizwa kwa magadi yaliyoyeyushwa majini, lakini magadi hayo yasitiwe machoni kamwe, wala yasiingie ndani ya betri. Ikiwa ni lazima waya zifunguliwe, ule wa nguzo hasi hutangulia kufunguliwa, na huwa wa mwisho kurudishwa. Sababu yake ni nyepesi. Katika magari mengi bodi ya gari imeunganishwa na nguzo hasi; basi spana inayofungua nguzo chanya ikigusa bodi kabla waya hasi haujaondolewa, saketi hukamilika kupitia spana yenyewe.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kemia yake ya msingi ni ileile hadi leo. Katika kila seli mna mabamba ya risasi na mabamba ya dioksidi ya risasi, yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfa iliyozimuliwa. Umeme unapotumika, mabamba ya aina zote mbili hugeuka polepole kuwa salfati ya risasi. Asidi hupungua na maji huongezeka. Kuchaji hugeuza mwendo huo kinyume. Seli iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi, na seli 6 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 12.6.

Voltimita isomwe gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, kwani betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu juu. Volti 12.6 au zaidi ni dalili kwamba betri imejaa, 12.2, kwamba imebaki nusu hivi. Chini ya 12.0 imekaribia kwisha. Ikionyesha 10.5 hata baada ya kuchajiwa, mwanafunzi apige hesabu: 12.6 kutoa 2.1. Yaelekea seli moja imekufa. Kama chombo chenyewe kina swichi ya kuchagua volti au ampea, swichi isiwe kwenye ampea, maana hapo ukinzani wake huwa karibu na sifuri, nacho hugeuka kuwa kama ile spana.

Lakini volti 12.6 si cheti cha afya. Voltimita huvuta mkondo mdogo mno, ilhali stata ya gari dogo yaweza kuvuta ampea 200. Kwa mujibu wa sheria ya Ohm, volti zinazopotea ndani ya betri ni mkondo mara ukinzani wa ndani. Tuseme ukinzani huo ni omu 0.01: zitapotea volti 2, zitabaki 10.6, na injini itazunguka. Katika betri ambayo mabamba yake yamefunikwa na salfati ngumu, tuseme ukinzani umefika omu 0.03. Kwa mkondo uleule zingepotea volti 6. Kwa kweli stata isingeweza kabisa kuupata mkondo huo. Hata hivyo, betri hizi mbili zikiwa zimetulia zaweza kusoma sawasawa.

Kwa hiyo mtu mmoja awashe stata kwa sekunde chache, mwenzake akiitazama voltimita. Volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, betri ichajiwe na kujaribiwa tena, kwani betri yenye njaa hufanana sana na betri iliyokufa, na wengi wamenunua mpya kwa kutoijua tofauti hiyo.

Betri yenye vifuniko hueleza mengi zaidi kwa haidromita, ambayo ni bomba la kioo lenye boya ndani na mpira wa kufyonzea. Kama vile yai lizamavyo katika maji matamu na kuelea katika maji ya chumvi nyingi, boya hupanda asidi inapokuwa nzito. Seli iliyojaa husoma 1.26 hadi 1.28, na iliyokwisha 1.12 hivi. Betri za nchi za joto aghalabu hujazwa asidi nyepesi zaidi, kwa hiyo maelezo ya mtengenezaji yatangulizwe kuliko jedwali la kitabu cha Ulaya. Tofauti baina ya seli ndiyo ya kuangaliwa zaidi: tano zikisoma 1.25 na ya sita 1.18, mgonjwa amejulikana. Kinachokauka ni maji, nayo hurudishwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Kuongeza asidi hupandisha boya bila kuponya bamba lolote.

Kabla ya kuilaumu betri, injini iwashwe na volti zisomwe tena. Katika magari mengi ziwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikibaki 12, kasoro i katika altaneta au mkanda wake, na betri mpya itakwisha vilevile. Zikizidi 15, kidhibiti volti kimeharibika. Wako mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiunguruma ili waone kama itazimika. Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ikiondolewa ghafla, volti huruka na kuunguza diodi pamoja na kompyuta ya gari.

Betri iliyothibitika kufa isipasuliwe nyumbani ili risasi iuzwe. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ipelekwe nzima, asidi yake ikiwa ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali.