Likizo ya Ng'ombe

Ng'ombe wa maziwa hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa. Huachwa kukamuliwa ili ale, apumzike na kiwele kijijenge upya. Bwana mifugo yeyote atakwambia kwamba ukimkamua hadi siku ya mwisho, uzao unaofuata utakulipa kwa maziwa haba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inampa mwanamke aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini mama anayemkatia ng'ombe huyo majani pale Nkunga, wilayani Rungwe, hajaajiriwa na mtu. Ni mke wa mwenye shamba, na katika kaya hiyo mwenye likizo inayoheshimiwa ni ng'ombe.

Tunapoambiwa siku hizi kwamba tupange kazi kwa kufuata nguvu za mwili badala ya saa, mshauri huwa anamfikiria mtu mwenye meza, simu na bosi wa kuandikiwa barua. Inafaa kukumbuka uchovu wa kazi ulielezwa kwanza kwa akina nani. Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya kliniki ya bure huko New York, ambako waliokuwa wakiisha nguvu walikuwa watu wa kujitolea, wasio na saa za kutoka kwa sababu walifanya kazi kwa moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja sura tatu za uchovu huo sugu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufai tena. Likaongeza kwamba si ugonjwa, ni hali itokanayo na kazi. Mama wa Nkunga anaweza kuwa na zote tatu. Shida yake ni kuthibitisha kwamba ana kazi.

Rungwe inamnyima mkulima kisingizio cha kukaa. Mvua katika baadhi ya sehemu zake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa volkano, na ukichomeka kijiti kina nia ya kuota. Mkulima wa Dodoma husimamishwa na jua, apende asipende. Huku migomba haisimami, na chai ndiyo kabisa: wakati wa mvua shamba hurudiwa kila wiki moja au mbili, majani mawili na chipukizi, na yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku ileile kabla hayajachemka ndani ya gunia. Ng'ombe wa kisasa anayefugwa ndani anataka kilo 40 au zaidi za majani mabichi kila siku, Jumapili ikiwemo. Hivi karibuni parachichi limeongezeka.

Ukiacha migomba, kila kimoja kati ya vitu hivi kilikuja kwa mlango wake, na wataalamu wake, na semina yake yenye chai ya maziwa. Wa chai alihesabu mbolea na kilo. Wa ng'ombe alihesabu lita. Wa parachichi anahesabu makontena. Mikono haikuhesabiwa na yeyote, ilichukuliwa kuwa ipo, kama mvua. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ya uchovu wa huku ni kujifunza kupumzika vizuri. Kinachochosha ni shughuli nne zilizopangwa kila moja kana kwamba iko peke yake, zikamkuta mtu mmoja.

Basi mtu apange upya nini? Chai yenyewe ina nafasi. Mti wa chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na kipande kilichopogolewa hakichumwi kwa miezi kadhaa. Mwenye kugawa shamba lake vipande vitatu, akapogoa kimoja kila mwaka, hupunguza mzigo wa kuchuma bila kukosa fedha zote kwa mpigo; anayepogoa lote pamoja hupata ukame wa mfuko, kisha mafuriko ya kazi. Majani ya mabingobingo na guatemala yakipandwa kwenye kingo za makinga maji karibu na banda, safari ya majani huwa ya hatua chache. Mifereji ya bati chini ya paa ni jambo dogo hadi la aibu: katika wilaya yenye mvua kiasi hiki, ndoo bado inapanda mlima kichwani. Lililo gumu ni kuacha. Kuuza ng'ombe wa pili, au kumwambia bwana shamba kwamba parachichi lisubiri, huonekana ni uvivu, na uvivu ni jina baya Unyakyusani.

Wazee wa huku hawakuwa wageni wa suala la kupokezana mzigo. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya marika: wavulana waliondoka kwa wazazi, wakajenga pamoja, na walipofikia utu uzima wa kutosha, kizazi cha baba kiliwakabidhi utawala kwa sherehe. Kung'atuka kulikuwa na tarehe. Tusiupambe sana mfumo huo, kwani Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, akiugua hakupewa likizo ya ugonjwa. Makuhani wake walimziba pumzi asije akadhoofika pamoja na nchi. Monica Wilson anasimulia kuwa cheo hicho kiliogopwa na waliostahili kukirithi. Inaeleweka.

Tena makabidhiano hayo yalikuwa ya wanaume na utawala wao. Jembe la mke halikuwa na rika la kulipokea, labda mkamwana, na mkamwana wa leo huenda yuko Mbeya au Dar es Salaam. Wakati huohuo malipo ya majani ya chai, mara nyingi, huingia kwa jina la mume, kwa kuwa ndilo lililoandikwa shamba lilipopimwa. Kwa hiyo kipande gani kipogolewe mwaka huu, ng'ombe wangapi wabaki bandani na kibarua wa kuchuma alipwe kutoka fungu lipi, huamuliwa na mtu ambaye mgongo wake haumo katika hesabu. Semina za kudhibiti uchovu, zikifika Nkunga, zimwite huyo kwanza, pamoja na mkewe, na kikao kifanyike jioni, saa ya kukamua, ili mtu mwingine akamate ndoo.