Hirola wa Ijara na Mila Iliyomlinda

Anayetafuta urithi wa pwani ya Kenya huteremka Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Huko kuna nyumba za mawe, milango ya nakshi na misikiti mikongwe. Lakini akivuka mpaka wa kaunti na kuingia Ijara, kusini mwa Garissa, asione jengo la kale, hudhani ameuacha urithi nyuma. Hapo hukosea. Urithi wa wafugaji wa Kisomali wa Ijara uko malishoni, na shahidi wake mkubwa ni hirola, swala ambaye makao yake ya asili ni nchi iliyo kati ya Mto Tana na kusini mwa Somalia. Hirola yupo hadi leo kwa sababu mila za wenyeji zilimpa nafasi ya kuishi, na juhudi yoyote ya kumwokoa inayozipuuza mila hizo itashindwa.

Hirola ana rangi ya mchanga, na mstari mweupe hupita kwenye paji la uso wake kutoka jicho moja hadi jingine, mfano wa miwani. Chakula chake ni nyasi fupi changa, zile zinazochipua mahali ng'ombe walipokwisha kula, ndiyo maana mara nyingi huonekana karibu na mifugo. Wafugaji hawamhesabu kuwa mshindani. Wazee husema kuwepo kwake ni baraka kwa ng'ombe, na kwamba akitoweka, mifugo nayo haitasalimika. Isitoshe, katika jamii inayoishi kwa maziwa na nyama ya mifugo iliyochinjwa kwa sheria ya dini, kula nyama ya mwitu kulionekana jambo la kudharauliwa. Kuhamahama nako kulisaidia. Nyumba ya jadi, aqal, ni fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka iliyosukwa na wanawake. Huvunjwa, hufungwa na kupakiwa juu ya mnyama, familia ikafuata mvua. Malisho yaliyoachwa yalipata muda wa kupumua, na hirola akanufaika.

Imani ya kwamba hirola ni baraka ilipimwa mwaka 1996, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipoanza kuwahamishia hirola Tsavo Mashariki ili wasiangamie. Wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Mahakama iliwasikiliza na kuzuia uhamisho huo, ikitambua kwamba kwa sheria ya kimila wenye haki ya kuitumia ardhi wana haki pia katika viumbe na mimea yake. Watu wanaomwona mnyama kuwa bughudha wangefurahi kumwona akipakiwa lorini. Hawa walimpigania kama mali ya ukoo.

Wapo watakaouliza: kama mila ina nguvu hivyo, mbona hirola waliokadiriwa kufika 14,000 katika miaka ya 1970 leo hawafiki 500? Swali hilo ni la haki. Sehemu ya jibu ni sotoka iliyoua wanyama katika miaka ya 1980, ukame, na silaha za majangili. Sehemu nyingine inawahusu wafugaji wenyewe, wala haifai kufichwa: makazi ya kudumu yameongezeka, na mifugo mingi hulishwa mahali pamoja mwaka mzima. Ndovu waliokuwa wakiangusha miti wameuawa, na vichaka vimemeza mbuga. Hata hivyo, jibu hili linaithibitisha hoja badala ya kuivunja. Ardhi imechoka pale ambapo desturi ya kuhama na kuyapumzisha malisho imelegea.

Wengine watasema mila haiwezi kuchukua nafasi ya sayansi na uzio. Kweli, lakini hakuna anayelazimika kuchagua kimoja. Katika Ishaqbini, hifadhi ya jamii huko Ijara, wenyeji waliitenga sehemu ya malisho yao, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio unaozuia simba, fisi na mbwamwitu. Baadaye idadi yao ilipita 100. Utaalamu na fedha vilitoka nje. Ardhi na ridhaa vilitoka kwa wenyeji, na bila hivyo viwili uzio usingejengwa.

Kinachotakiwa sasa ni kuipa mila hiyo nguvu ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake. Serikali ya kaunti iwasaidie wafugaji wa Ijara kukamilisha usajili huo, na mipango ya visima, barabara na vituo ichorwe ikizingatia njia za kuhama na malisho ya kiangazi. Kijana wa Ijara anastahili shule na hospitali, na anastahili pia kufundishwa kwamba wazee wake walilinda kiumbe adimu duniani. Anayeijua thamani hiyo atakuwa mlinzi wa hirola bila kuandikiwa barua ya kazi.