Kukataliwa na Hatari ya Kujiua: Jambo la Kuzingatiwa katika Uchungaji

Husemwa mara nyingi kwamba kijana anayevutiwa na watu wa jinsia yake hufikia kutaka kujiua kwa sababu ya hali hiyo yenyewe. Wataalamu hawaoni hivyo. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Ilan Meyer wa Marekani alieleza kuwa watu wa kundi dogo linalodharauliwa hubeba mzigo wa ziada, juu ya taabu za kawaida za maisha. Kwanza ni matusi na kupigwa. Kisha ni kungojea kukataliwa, hata pale ambapo hakuna aliyenena lolote. Na kazi ya kujificha, yaani kupima kila neno mezani na kila rafiki anayeletwa nyumbani. Mwisho, kijana huiamini dharau ile moyoni mwake. Naliona hili kuwa zito kuliko yote, kwani halikimbiliki kwa kuhama mji.

Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana 224 wa California, wenye umri wa miaka 21 hadi 25. Kwa wale waliokataliwa sana na familia zao walipokuwa wakikua, uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa mara 8.4 ya ule wa wenzao waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa. Tarakimu hizi ni za huko, wala hazifai kubandikwa juu ya sharika zetu. Lakini Ryan ameonyesha pia kwamba wazazi wa namna hiyo mara nyingi hudhani wanamwokoa mtoto wao, wanapomzuia asionane na marafiki wanaomwelewa. Kumbe hao ndio aliokuwa akiwategemea. Wakiondolewa, hubaki pombe na ukimya.

Mafundisho ya kanisa kuhusu ndoa yana mahali pake, ila uhai wa mtu hauwezi kungoja mjadala huo uishe. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, alipewa mkate na maji, akaachwa alale tena. Swali la Bwana lilimjia baadaye, huko Horebu.

Basi mchungaji na aulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wako wanaoogopa kwamba swali hilo litapanda wazo, uchunguzi haujaonyesha hivyo. Jibu likiwa ndiyo, aulize kama kijana amekwisha kupanga njia na wakati, asimwache peke yake, aondoe vitu vya hatari, afuatane naye hospitalini. Habari za mvuto wake zisifikishwe kwa wazazi wala kwa baraza la wazee pasipo ruhusa yake. Kwa daktari yatosha kusema kwamba uhai wake u hatarini.