Faida ya alizeti na zabibu za Dodoma inavujia kwenye kifuniko

Ingia katika duka lolote la rejareja jirani na Chimwaga, mjini Dodoma, uchukue chupa ya lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa na mjasiriamali mdogo wa hapa hapa mkoani. Ishike shingoni. Mara nyingi vidole vitateleza, na lebo itakuwa imelowa upande mmoja. Mwenye duka ametandika kipande cha boksi chini ya safu nzima ili mafuta yasichuruzike kwenye mifuko ya unga. Pembeni yake yamepangwa mafuta ya kiwanda kikubwa, chupa zake kavu zinang'aa. Mteja anachukua ile kavu, hata kama ladha anayoipenda ni ya alizeti aliyokulia nayo nyumbani.

Soko la eneo hili si la kudharau. Chimwaga ilijulikana nchi nzima kwa ukumbi wa mikutano mikuu ya CCM, ukiwamo ule wa 2005 uliompitisha Jakaya Kikwete kugombea urais. Tangu 2007 ni makao ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na maelfu ya wanafunzi na watumishi wanapika kila siku. Mkulima wa alizeti wa Kongwa au Chamwino yuko jirani na soko hilo kuliko mfanyabiashara yeyote wa Dar es Salaam. Anashindwa katika hatua ya mwisho kabisa ya kazi yake, nayo ni kukaza kifuniko.

Wajasiriamali wengi hulichukulia jambo hili kama kero ndogo. Tupige hesabu ya mfano, kila mmoja aweke baadaye namba za karakana yake. Tuseme kikundi kinajaza chupa 400 za lita moja kwa siku, kinaziuza kwa jumla Sh6,000 kila moja, na baada ya gharama zote faida ni Sh500 kwa chupa. Faida ya siku ni Sh200,000. Sasa chupa tatu katika kila mia zivuje kiasi cha kukataliwa dukani. Hizo ni chupa 12, na kila moja imekula Sh6,000 nzima, kwa sababu mbegu, umeme, chupa, lebo na nauli vilishalipiwa. Hasara ni Sh72,000. Asilimia tatu ya chupa imemeza asilimia 36 ya faida. Hata kama nusu ya mafuta hayo yataokolewa na kuuzwa kwa kipimo, bado lebo, boksi na imani ya mwenye duka vimekwenda.

Hapo ndipo huja ushauri wa haraka: nunua mashine. Lakini mashine gani, na ya kutatua tatizo lipi?

Wauzaji wa mashine hutangaza kasi: chupa 1,000 kwa saa, chupa 3,000 kwa saa. Kikundi chetu cha chupa 400 hakina tatizo la kasi. Mtu mmoja mwenye mikono mizoefu anafunga chupa nane kwa dakika bila kukimbia, hivyo kazi yote inakwisha chini ya saa moja. Mashine ya chupa 3,000 kwa saa ingeimaliza kwa dakika nane, halafu ikae ikisubiri kesho huku riba ya mkopo ikitembea. Tatizo la mkono ni kwamba haukazi sawa. Saa mbili asubuhi unakaza kwa nguvu, saa nane mchana umechoka, na kiganja kikipata mafuta hakikazi kabisa. Mjasiriamali mdogo anaponunua mashine, anunue usawa wa kukaza. Kasi ije baadaye.

Ili kuelewa usawa huo, tuangalie kifuniko kinavyofanya kazi. Thredi zenyewe hazizuii mafuta. Kazi yake ni kukivuta kifuniko chini tu. Kinachozuia ni ukingo wa ndani wa kifuniko, au washa yake laini, unapobanwa juu ya mdomo wa chupa. Ukikaza kidogo, washa haikai. Ukikaza mno, plastiki inapanuka, thredi zinaruka, na kifuniko kinazunguka bure. Hata kikikazwa vizuri, plastiki hulegea kidogo katika saa chache za mwanzo, na joto huongeza kulegea huko. Ndiyo maana chupa iliyokuwa kavu karakanani jioni inaweza kufika Morogoro asubuhi ikiwa imelowa.

Safari yenyewe ina mambo yake. Mafuta ya alizeti huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 0.7 kwa kila nyuzi joto 10. Chupa ya lita moja iliyojazwa kwenye nyuzi 25, ikifika nyuzi 45 ndani ya lori lililofunikwa turubai, inahitaji nafasi ya mililita 14 zaidi. Aliyejaza hadi mdomoni ili mteja aone ujazo wa haki amejitengenezea mvujo. Halafu kuna mwinuko. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Chupa iliyofungwa hapa ikishuka Dar es Salaam inabonyezwa na hewa ya nje. Ikipandishwa Iringa au Mbeya, hewa ya ndani inasukuma kifuniko. Kilichokazwa sawasawa hakijali. Kilicholegea kinapumua njia nzima.

Sababu nyingine ni ndogo kiasi cha kuchekesha, ila ndiyo ningeanza nayo katika karakana yoyote: tone la mafuta kwenye thredi. Bomba la kujazia likidondosha tone shingoni kabla kifuniko hakijawekwa, thredi zinateleza. Nguvu ile ile inakaza kupita kiasi, kisha kifuniko kinajifungua chenyewe kwa mtikisiko wa barabara. Kitambaa safi na bomba lisilodondosha ni vya bei ndogo kuliko mashine yoyote.

Chupa isiyo na mwenzake

Kandokando ya barabara kuu ya Dodoma na Singida mafuta ya alizeti huuzwa katika madumu na katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Sizungumzii usafi wake, ingawa hilo pekee lingetosha kuziacha. Kifuniko cha chupa ya maji kina kipete cha chini kinachokatika mara ya kwanza kinapofunguliwa, na kikishakatika hakuna mashine itakayokirudisha. Tena shingo hazifanani. Chupa nyingi za soda zina shingo ya milimita 28, lakini hata hizo ni za aina mbili zinazokutana sokoni: ya zamani, ndefu, yenye urefu wa milimita 21, na ya sasa, fupi, ya milimita 17, ambayo thredi zake zimekaribiana zaidi. Kifuniko cha moja ukikilazimisha kwenye nyingine kitazunguka kidogo, kitapanda upande, na kwa macho kitaonekana kimefungwa.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua ungekuwa huu: chupa na kifuniko kwanza, kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa vipimo vilivyoandikwa, mashine baadaye, ikiwa na kichwa kilichotengenezwa kwa kifuniko hicho. Wengi hufanya kinyume. Mashine inafika, kisha wanatafuta chupa za bei poa mwezi huu hapa, mwezi ujao kule, na fundi analaumiwa.

Kulikuwa na mkongojo mmoja ulioficha udhaifu huu kwa miaka mingi. Ni ile lakiri ya nailoni inayovikwa juu ya kifuniko na kubanwa kwa hewa moto. Ilimwonyesha mteja kwamba chupa haijafunguliwa, na kwa kweli ilishikilia pia vifuniko vilivyolegea. Aprili 2023 Tanzania ilipiga marufuku lakiri hizo kwa sababu za mazingira. Tangu hapo kipete cha kifuniko ndicho shahidi pekee, na hakikai mahali pake bila kifuniko kusukumwa chini kwa nguvu inayolingana kila mara.

Mashine inayomfaa mwenye chupa mia kadhaa hadi elfu moja kwa siku ni ya mezani, au ile ya kushika mkononi inayoning'inizwa kwa springi juu ya meza. Sehemu ya kuuliza habari zake ni klachi. Iliyo nzuri ina pete mbili za sumaku zinazotazamana. Kifuniko kikifikia kiwango ulichopanga, pete zinateleza na kichwa kinaacha kukaza hata ukandamize vipi. Za upepo hutegemea kompresa, na kompresa ndogo ikichoka katikati ya kazi, vifuniko vya mwisho vinakuwa vilegevu kuliko vya mwanzo. Wapo mafundi wanaofunga kichwa cha mpira kwenye drili ya betri yenye pete ya namba. Si wazo baya kwa anayeanza, ilimradi namba isichezewe na betri isiachwe iishe.

Na ukaguzi hauhitaji maabara. Tengeneza kibano cha mbao kinachoshika kifuniko, chenye mkono wa sentimita 20 kutoka katikati ya kifuniko. Ibane chupa mezani, tundika mizani ya ndoano mwishoni mwa mkono, vuta kwa pembe mraba. Kwa kifuniko cha milimita 28 nguvu ya kukazia huwa karibu kilo 0.8 kwenye mizani hiyo. Kwa cha milimita 38, karibu kilo 1.1. Muuzaji wa vifuniko akikupa namba yake, fuata yake. Kesho yake pima nguvu ya kufungua. Itakuwa imepungua, mara nyingi hadi karibu nusu, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni chupa kumi za safu moja kutoa namba kumi zilizoachana sana. Chupa nyingine kumi zilaze juantuu kwenye gazeti kwa siku nzima. Gazeti halidanganyi.

Turudi kwenye hesabu yetu. Mashine ikishusha mvujo kutoka chupa tatu hadi moja kwa mia, inaokoa chupa nane, yaani Sh48,000 kwa siku, au Sh1.2 milioni kwa siku 25 za kazi. Mashine ya Sh3 milioni ingejilipa kwa miezi miwili na nusu ya kukamua. Nasema ya kukamua, kwa sababu alizeti ya Dodoma huvunwa kuanzia Mei na mashine nyingi za kukamua hulala sehemu kubwa ya mwaka. Benki hailali.

Zabibu na mchuzi wake

Kwenye zabibu kisa ni kile kile, ila fedha ni nyingi zaidi. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Sehemu kubwa ya zao hilo husindikwa kuwa mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujafungashwa, na mchuzi mwingi huuzwa kwa viwanda vya Dar es Salaam. Huko ndiko unapata chupa, lebo na jina. Anayekamua Hombolo au Mpunguzi analipwa bei ya mchuzi. Tofauti kati ya bei hiyo na bei ya chupa dukani inabaki kwa mwenye mtambo wa kujaza na kufunga.

Wasindikaji wadogo wanaojaribu kufungasha wenyewe hupenda kizibo cha gome la mwaloni, wakiamini ndicho chenye hadhi. Mimi sikubaliani nao. Kizibo hicho hukaa vizuri chupa ikilazwa na mvinyo ukikilowesha. Katika maduka yetu chupa husimama wima, na hewa ya Dodoma ni kavu karibu nusu mwaka. Kizibo kinasinyaa, hewa inaingia, mvinyo unaelekea kuwa siki. Kundi la watengenezaji wa bonde la Clare, Australia, walihamia kwenye kifuniko cha kuzungusha kwa mvinyo wao mweupe wa mwaka 2000, New Zealand ikafuata 2001, na leo hakuna anayeidharau mvinyo yao.

Kifuniko hicho cha alumini hakikazwi kama cha plastiki. Kinafika kama kikombe kisicho na thredi. Kichwa cha mashine kinakikandamiza juu ya mdomo wa chupa, kisha magurudumu madogo yanakibonyeza pembeni kifuate thredi za kioo, na mengine yanakunja ukingo wa chini chini ya shingo. Kioo kikizidi au kupungua kimo, magurudumu hukata alumini au hukiacha kifuniko kikizunguka. Chupa za kioo hutengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Kioo, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na mnunuzi mdogo asiyeagiza kwa wingi hupokea zilizopo. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, wafungashaji wa vinywaji vikali nao walihamia kwenye chupa ndogo zenye vifuniko vya kuzungusha. Msindikaji mdogo wa Hombolo sasa yuko nao kwenye foleni moja.

Mtambo wa namna hii hauwezi kubebwa na msindikaji wa lita elfu chache peke yake. Ufaransa na Australia wenye mashamba madogo hukodi lori lenye mtambo kamili. Linaegeshwa uani, linajaza na kufunga kwa siku moja au mbili, kisha linaenda kwa jirani. Mvinyo, tofauti na zabibu mbichi, unaweza kusubiri zamu ndani ya tangi. Lori moja lingeweza kuzunguka Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na Makutupora miezi ambayo hakuna mavuno. Sharti lake ni kwamba wote wanaolitumia wakubaliane chupa moja na kifuniko kimoja, na waagize kwa pamoja. Kukubaliana huko hakuhitaji mkopo, na kunaweza kuanza kabla ya mavuno ya Agosti.