Mwandishi na Wahakiki Wake

Kijana mmoja wa Mvumi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo kikuu, alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri, karatasi mkononi. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, makala yangu imerudishwa. Wanasema haifai."

Makala yake ilieleza jinsi Uislamu ulivyoingia Ugogo, naye alikuwa ameipeleka kwa jarida moja la kitaaluma linaloshughulika na mambo ya dini. Nilipoisoma barua ya mhariri, sikuona neno "haifai." Barua ilisema makala irekebishwe kisha iletwe tena, na ilifuatana na maswali 12. Kijana aliyahesabu maswali yale kuwa ni dharau. Mimi niliyahesabu kuwa ni hisani. Na kwa kuwa watoto wetu wengi sasa wamo katika vyuo vikuu, yafaa wao na wazazi wao walifahamu jambo hili.

Jarida la wataalamu halichapishi kila liletwalo. Kwanza mhariri huisoma makala mwenyewe, atazame kama yahusu shughuli ya jarida lake na kama ina neno jipya. Nyingi hurudishwa hapo hapo. Inayopita huondolewa jina la mwandishi, ikapelekwa kwa wahakiki wawili au zaidi waliobobea katika jambo lile, na majina yao nao hufichwa. Kazi yao ni kuuliza: Hoja ya mwandishi ni ipi? Ushahidi ameupata wapi? Waliomtangulia amewasoma? Na hayo aliyoyakata mwishoni, je, yanafuatana na ushahidi wake? Kisha hushauri ikubaliwe, au irekebishwe, au ikataliwe. Na uamuzi wa mwisho ni wa mhariri. Kwa kawaida wahakiki hawa hawalipwi, na shughuli yenyewe huchukua miezi.

Utaratibu huu haukuzaliwa siku moja. Mwaka 1665 Henry Oldenburg alianzisha jarida la elimu mjini London, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua ya kuchapishwa. Ilikuwa katika miaka ya 1830 ndipo Royal Society, jumuiya ya wanachuoni wa mji ule, ilipoanza kutaka maoni ya wahakiki kwa maandishi. Hata jarida mashuhuri la Nature halikulifanya jambo hili kuwa sharti mpaka mwaka 1973. Kwa habari za dini katika bara letu, Andrew Walls alianzisha Journal of Religion in Africa mwaka 1967.

Amma kwa Mwislamu, habari hii si ngeni. Sura ya Al-Hujurat imetufunza kuihakikisha habari kabla ya kuifuata. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), hakutosheka kusikia kwamba fulani kapokea kwa fulani. Alitaka ithibiti kwamba wawili hao walikutana. Imam Muslim naye alikuwa na masharti yake. Wanachuoni wa Hadithi waliandika vitabu vizima juu ya wapokezi: nani mkweli, nani msahaulifu, nani mwongo. Lakini iko tofauti moja. Wao walimpima mpokezi mwenyewe, na aliyetoa hukumu alijulikana kwa jina. Jarida hulificha jina ili makala isimame kwa ushahidi wake, asipendelewe mkubwa wala asidharauliwe mwana wa kijijini.

Nikamsomea kijana swali la tatu. Alikuwa ameandika, "Wazee wanasema." Mhakiki akauliza: wazee gani? Walisikia kwa nani? Walisema lini, na wapi? Kijana akanijibu, "Lakini aliyeniambia ni babu yangu!" Nikamwambia, "Basi mtaje babu yako, utaje na aliyemwambia yeye. Hiyo ndiyo isnadi."

Wala tusidhani kwamba wahakiki hawakosei. Mwezi wa Septemba 2012 Profesa Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande cha mafunjo chenye maneno juu ya mke wa Nabii Isa (a.s.). Baadhi ya wahakiki walitia shaka. Jarida la chuo hicho, Harvard Theological Review, liliahirisha kuichapisha makala yake ili kipande kipimwe, kisha likaichapisha mwaka 2014. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar aliifuatilia asili ya kipande kile, na Profesa King akakiri kwamba yaelekea ni cha kughushi. Majaribio ya wino na mafunjo hayakufua dafu. Kilichofichua ni swali la kale la wanachuoni wetu: kimetoka mikononi mwa nani?

Wako pia wanaojiita majarida, na shughuli yao ni kukusanya ada tu. Mwaka 2013 John Bohannon alieleza katika jarida la Science kwamba alipeleka makala ya uongo kwa majarida 304; 157 yaliikubali. Kijana akiahidiwa kuchapishwa kwa siku tatu, mradi alipe, na ajihadhari.

Mvumi si pahali pasipo historia. Mwaka 1871 Stanley alipita hapa na msafara wake kutoka pwani, akatozwa hongo kama wapitaji wengine, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1966 Peter Rigby alichapisha makala juu ya mila za Wagogo katika jarida la Africa. Mwenyeji wetu Mathias Mnyampala alikwisha kutoa kitabu chake juu ya historia na desturi za Wagogo mwaka 1954. Lakini habari za Waislamu wa vijiji hivi, nani aliyesomesha watoto kwanza na nani aliyejenga msikiti, nyingi zimo vifuani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kijana alirudi kwa wazee na daftari. Kati ya watu wanne aliowakusudia, mmoja alikuwa amekwisha fariki. Maneno yake hatutayapata tena. Watatu walisema, akaandika majina yao, umri wao, na majina ya waliowasimulia. Palipohitilafiana habari, aliandika hitilafu hiyo, hakuificha. Makala ameipeleka tena, na jibu bado halijafika. Hata ikikataliwa, daftari lile limekwisha kuwa amana.

Enyi wazazi, mtoto wenu akirudishiwa kazi yake kwa maswali, msimwambie ameonewa. Mketisheni, mumsomee maswali moja moja. Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli wa ulimi na wa kalamu. Amin.