Mbweha wa milima ya Uhabeshi na kichaa cha mbwa

Jina la Uhabeshi halihitaji kufasiriwa katika nyumba ya Kiislamu. Huko ndiko walikokimbilia Masahaba wa mwanzo walipoteswa Makka, wakapata hifadhi kwa Najashi, na ndiko kwenye asili ya Bilal bin Rabah (r.a.). Lakini ardhi yenyewe wengi wetu hatuijui. Kwa sisi wa Kilwa na Lindi, tuliozoea mikoko, minazi na joto la bahari, ni vigumu kuiwazia nchi ya Kiafrika ambayo usiku wake maji huganda, na jua likichomoza majani yote huwa yamevaa weupe wa barafu. Katika nyanda hizo, juu ya mita 3,000, anaishi mnyama asiyepatikana popote pengine ulimwenguni: mbweha wa Uhabeshi, ambaye Ethiopia ya leo inamhesabu miongoni mwa fahari zake.

Tunamwita mbweha kwa kufuata sura yake. Ana manyoya mekundu, koo na kifua cheupe, mkia mnene wenye ncha nyeusi, miguu mirefu na pua nyembamba iliyochongoka. Waamhara humwita mbweha mwekundu. Waoromo wa Bale, ambao wengi wao ni ndugu zetu Waislamu, humwita mbweha wa farasi, kwa kuwa huwafuata farasi na ng'ombe wanaokaribia kuzaa, akilingojea kondo la nyuma. Wazungu nao, tangu Mjerumani Rüppell alipomwandika vitabuni mwaka 1835, walimwita kwa majina mengi, likiwamo la mbweha wa Simien. Wataalamu walipochunguza nasaba yake ndipo ilipobainika kwamba damu yake iko karibu zaidi na mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, yule dhi'bu aliyesingiziwa damu ya Nabii Yusuf (a.s.), kuliko mbweha wowote. Wazee wake waliingia Afrika zamani za barafu, hali ya hewa ikabadilika, wakabaki vileleni kama watu waliozungukwa na mafuriko.

Maisha yake yana utaratibu wa kupendeza. Huishi kwa jamaa, wakubwa sita hivi kwa wastani, na mara nyingine hufika kumi na zaidi. Alfajiri hukutana, husalimiana kwa vilio na kuchezesha mikia, kisha hutoka pamoja kuizunguka mipaka ya eneo lao. Wakishamaliza hutawanyika, kwani riziki yake kila mmoja huitafuta peke yake. Jioni hukusanyika tena, na usiku hulala nje, wamejikunja, pua imefichwa chini ya mkia. Shimo huchimbwa kwa ajili ya watoto tu.

Katika jamaa nzima huzaa jike mmoja, yule mkuu, mara moja kwa mwaka, na aghalabu hupata watoto wawili hadi sita. Lakini malezi ni ya wote. Wakubwa kwa wadogo humletea mama chakula, hulinda shimo, na watoto wakianza kula nyama kila mmoja huwatapikia sehemu ya alichowinda. Jike asiye na watoto wake huweza hata kuwanyonyesha wa mwenzake.

Windo lake ni panya. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chakula chake huko Bale ni panya wa nyika na fuko mkubwa, ambaye huweza kukaribia uzito wa kilo moja na hupatikana katika milima hiyo pekee. Mbweha hunyata mbele ya shimo la fuko, husimama kimya muda mrefu, kisha hujitupa. Huko Guassa watafiti walimwona akitembea katikati ya makundi ya nyani wala majani bila kuwadhuru watoto wao, na alipokuwa miongoni mwao mawindo yake yalifaulu mara mbili katika tatu. Alipokuwa peke yake, mara moja katika nne. Na mwaka 2024 iliandikwa habari iliyotufurahisha kuliko zote: mla nyama huyu hulamba utamu wa maua marefu yanayosimama kama mienge ya moto, hata maua 30 katika safari moja, na huenda akabeba chavua puani kama nyuki. Watoto wa wachungaji nao huyalamba maua hayohayo.

Pamoja na hayo yote, wakubwa waliobaki hawafiki 500, na zaidi ya nusu yao wako Bale. Mashamba ya shayiri na malisho yanapanda mlima mwaka hadi mwaka, naye hana pa kupanda zaidi. Lakini kinachomwangamiza kwa ghafla ni kichaa cha mbwa. Wachungaji hupanda na mbwa wa kuwalindia mifugo dhidi ya fisi, na mbwa hao, wasiolishwa vya kutosha, huzurura mchana wakiwinda panya walewale. Hapo hukutana na mbweha. Zile salamu za alfajiri, za kulambana na kukaribiana, ndizo zinazofanya mgonjwa mmoja amalize jamaa nzima. Maradhi yalipoingia Bale mwaka 1991 mbweha wengi walikufa. Yaliporudi mwaka 2003, katika bonde la Web walikufa kiasi cha robo tatu. Safari hiyo wataalamu waliwakamata mbweha wa maeneo ya jirani wakawachanja, na maradhi yakazuiwa. Kila mwaka maelfu ya mbwa wa vijiji vya Bale huchanjwa, na tangu mwaka 2018 mbweha wenyewe hutegewa chanjo ndani ya vipande vya nyama ya mbuzi.

Msomaji wa Kilwa Kivinje au Nangurukuru huenda akauliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu sana. Sisi hatuna mbweha wa milimani, lakini tuna bweha wa vichakani, na watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 walikuta kwamba zaidi ya visa 40 katika kila 100 vya wanyama vilikuwa vya wanyama pori, hasa bweha. Ni kiwango kikubwa mno. Hata hivyo, hawakuona kwamba dawa ni kuwaua bweha. Walionyesha kwamba kuwachanja mbwa kunapunguza maradhi hata kwa bweha, kama ilivyo Bale.

Na hapa tuseme wazi jambo tunalolisikia mara nyingi: kwamba Mwislamu asiyefuga mbwa hana haja na habari za chanjo. Wakulima wetu wa bara ya Kilwa wanafuga mbwa wa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na ngedere, na sheria imeruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda. Asiyefuga naye ana mtoto anayekwenda chuoni asubuhi, njiani akikutana na mbwa wa mwenziwe.

Mtoto akiumwa, au akiparuzwa tu, na mbwa au bweha, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya tohara na ina mahali pake. Jeraha lisitiwe udongo, wala majani, wala mafuta ya taa. Kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo akaanze sindano za chanjo, na azimalize zote hata jeraha likipona. Dalili zikishatokea, za kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni nyingi za kuchanja mbwa hufanywa karibu na siku hiyo. Tangazo la chanjo likitufikia, tutalisoma msikitini baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na majina ya vijiji na saa za kuwapeleka mbwa.