Habari za Kweli za Buddy Bolden

Wapenzi wa muziki wa jazi humhesabu Buddy Bolden, Mmarekani Mweusi wa mji wa New Orleans, miongoni mwa waanzilishi wake. Husimuliwa kwamba alikuwa kinyozi mwenye duka, tena mhariri wa gazeti la umbeya. Na kwamba tarumbeta lake lilisikika umbali wa maili nyingi.

Mwaka 1978 Donald Marquis alitoa kitabu baada ya kuzipekua daftari za mji, za polisi na za hospitali. Kumbe Bolden hakuwa kinyozi, bali fundi wa kupiga lipu. Kwa vinyozi alikwenda kuzungumza tu, maana ndiko wapiga muziki walikokutana. La gazeti lile haikuonekana hata nakala moja. Ama sauti ya tarumbeta, wazee waliomsikia walishuhudia kuwa ilikuwa kubwa kweli kweli. Zile maili ni nyongeza ya wasimulizi.

Wala si ajabu, kwa kuwa hakuna sahani ya santuri yake iliyopata kuonekana. Mwaka 1907, kabla hajatimiza miaka 30, alipotewa na akili akapelekwa hospitali ya wenye wazimu huko Jackson, Louisiana. Hakutoka tena mpaka alipofariki mwaka 1931, akazikwa New Orleans katika kaburi lisilo na alama.